Ushuhuda wa Mteja katika Matangazo ya Kampuni za Simu: Haki za Mfanyabiashara wa Babati

Ushuhuda wa mteja ni maelezo ya mtu au biashara iliyotumia huduma fulani, yanayotolewa hadharani kwa jina, picha na takwimu ili kuwavuta wengine nao waitumie. Kampuni za simu za mkononi huyatumia kwenye mabango, redioni, katika mitandao ya kijamii na katika taarifa zao za mwaka, kwa kuwa mfanyabiashara wa sokoni humwamini mwenzake kuliko anavyoiamini kaulimbiu. Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba maelezo hayo, yanapogusa fedha zilizopita kwenye simu ya mteja, yamewekewa masharti mazito na sheria za nchi.

Mji wa Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa ulioundwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Arusha. Hapo ndipo barabara ya Arusha kwenda Singida hukutana na ile inayotoka Dodoma kupitia Kondoa, na hapo hupita mahindi, mbaazi na alizeti za vijijini pamoja na mchele wa Magugu. Mnunuzi aliyeko mjini anaweza kumlipa mkulima wa Galapo au Dareda bila kubeba fedha taslimu njiani. Kisa cha namna hiyo ndicho kampuni ya simu hukitafuta: ni cha kweli, kina sura ya mtu, na msikilizaji wa Babati hujiona ndani yake.

Visa vya wateja havikuanza kwa kutangaza huduma. Mwaka 2005, Vodafone na Safaricom zilifanya majaribio ya M-Pesa nchini Kenya, katika maeneo ya Nairobi na Thika, kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu na kwa msaada wa fedha kutoka Serikali ya Uingereza. Wateja waliohusika walikuwa takriban 500, na lengo lilikuwa kuwawezesha kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Wateja wakaitumia kwa namna ambayo waandaaji hawakuitarajia: walitumiana fedha wao kwa wao na kuwatumia ndugu walioko mbali. Waandaaji waliyazingatia matumizi hayo, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilinadiwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata Vodacom iliileta Tanzania. Kusikilizwa kwa mteja, kwa maneno mengine, kulitangulia kutangazwa kwake, na pengine huo ndio utaratibu ambao kampuni nyingi zingefaidika nao hata leo.

Hata hivyo, kisa kimoja hakithibitishi jambo kwa watu wote. Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Tavneet Suri na William Jack uliokadiria kuwa huduma za fedha kwa simu ziliziondoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya zote. Takwimu hiyo ilinukuliwa sana na watetezi wa huduma hizo. Mwaka 2019 Milford Bateman na wenzake waliupinga utafiti huo, wakidai kuwa haukuzingatia vya kutosha biashara zinazokufa na madeni wanayobeba watumiaji. Ikiwa utafiti wa miaka mingi unaweza kubishaniwa kiasi hicho, ushuhuda wa dakika moja redioni unastahili kupokelewa kwa tahadhari zaidi.

Zao la mbaazi linatoa mfano ulio karibu. Agosti 2017, India, mnunuzi mkuu wa mbaazi za Tanzania, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo kwa mwaka, na bei ikaporomoka hadi kwa mkulima. Mfanyabiashara ambaye angetoa ushuhuda kabla ya tukio hilo angeweza kusema kuwa biashara yake imekua tangu aanze kulipa kwa simu. Mwaka mmoja baadaye, mtu huyohuyo, kwa simu ileile, angekuwa anahesabu hasara. Ushuhuda wa haki hutenganisha kilicholetwa na huduma, kama vile muda uliookolewa au usalama wa fedha njiani, na kilicholetwa na soko.

Kwa upande wa sheria, msingi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo inaitaja miamala ya fedha ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa binafsi nyeti, ambazo kwa kawaida haziruhusiwi kuchakatwa bila ridhaa ya maandishi ya mwenye taarifa. Ridhaa hiyo inaweza kuondolewa wakati wowote, bila maelezo na bila malipo. Kwa hiyo kumpiga picha mwenye duka karibu na stendi na kutangaza kiasi anachopokea kwa siku hakuhalalishwi na kukubali kwake kwa mdomo, wala na masharti ya jumla aliyoyakubali siku ya kusajili laini. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 nayo inawabana watoa huduma, wafanyakazi na mawakala wao kutunza siri za wateja. Wakala anayemwonesha ofisa masoko daftari la miamala ili amchagulie "mteja mzuri" hayuko nje ya wajibu huo.

Kenya imekwishaonesha uzito wa suala hili. Desemba 2022, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini humo iliitoza kampuni ya simu ya Oppo faini ya Sh milioni 5 za Kenya. Shauri lilianza na picha ya mtu iliyowekwa katika ukurasa wa kampuni hiyo wa Instagram bila ridhaa yake, na faini ikafuata baada ya kampuni kutotekeleza notisi ya Kamishna.

Mwananchi anayeombwa ushuhuda anashauriwa kuomba karatasi inayotaja picha na maneno yatakayotumika, vyombo yatakamotokea, muda wa matumizi na malipo, kama yapo. Ni vyema ikasomwa kwa sauti na kuelezwa kwa lugha anayoielewa barabara; katika maeneo ya Babati, kwa wazee wengi lugha hiyo ni Kiiraqw au Kigorowa. Suala la muda lisipuuzwe. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021 na kisha kupunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, gharama aliyoitaja mteja mwezi Juni haikuwa sahihi tena kwa msikilizaji wa Agosti wala wa Oktoba. Tangazo linaloendelea kurushwa likiwa na gharama zilizopitwa na wakati laweza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji katika biashara.

Tahadhari kubwa zaidi inahitajika katika mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni. Anayeitolea ushuhuda programu ya aina hiyo huwapeleka jirani zake kwa mkopeshaji asiyesimamiwa na mtu, na jina lake hubaki kwenye tangazo hata mkopeshaji akitoweka.

Mteja ambaye picha au taarifa zake zimetumika bila ridhaa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC), iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Malalamiko kuhusu huduma yenyewe huanzia kwa mtoa huduma, na yasipotatuliwa hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini, iliyopo Arusha, huhudumia pia Mkoa wa Manyara. Mlalamikaji atunze nakala ya tangazo, tarehe aliyoliona au kulisikia, na karatasi yoyote aliyotia saini.