Zamu, Foleni na Kufuli: Kurejeshwa kwa Kasi ya Kiini cha Linux (2008–2011) na Nafasi ya Kiswahili

Makala haya yanachunguza tukio moja katika historia ya mifumo endeshi: kushuka kwa kasi ya kiini cha Linux mwaka 2008 na namna kasi hiyo ilivyorejeshwa. Tukio hilo huenda likaonekana kuwa mbali na kaskazini mwa Cabo Delgado, lakini simu yoyote ya Android inayotumika Diaca, kwenye barabara itokayo Mocímboa da Praia kwenda Mueda, inaendeshwa na kiini hichohicho. Hoja ya msingi ni kwamba dhana zilizobeba tatizo na ufumbuzi wake, yaani zamu, foleni na kufuli, wasemaji wa Kiswahili wanazo tayari. Kinachokosekana ni sera ya kuzitumia.

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayozigawia programu zote prosesa, kumbukumbu na vifaa. Linus Torvalds alianza kuandika Linux jijini Helsinki mwaka 1991. Toleo la 2.0 la mwaka 1996 liliwezesha matumizi ya kompyuta yenye prosesa zaidi ya moja, ila kwa tahadhari: kufuli moja kubwa lililinda kiini chote, hivyo prosesa moja tu ndiyo iliyoweza kufanya kazi humo kwa wakati mmoja. Katika matoleo yaliyofuata, makufuli madogo yalichukua nafasi yake hatua kwa hatua, lakini lile kubwa lilibaki katika sehemu nyingi.

Wakati wa maandalizi ya toleo la 2.6.26, mwaka 2008, semafori za kiini ziliandikwa upya ili msimbo mmoja mfupi utumike kwa aina zote za prosesa. Semafori huzilaza kazi zinazosubiri rasilimali na kuziamsha zamu yao inapofika. Mpangilio mpya ulizingatia haki ya foleni: aliyetangulia kufika ndiye aliyekabidhiwa. Hata hivyo, kipimo cha AIM7 kilionyesha kwamba utendaji umeshuka kwa takribani asilimia 40. Kufuli kubwa, ambalo wakati huo liliweza kujengwa juu ya semafori, lilikabidhiwa kazi iliyolala, likakaa bila kutumika mpaka kazi hiyo iamke, huku kazi iliyo tayari kwenye prosesa ikizuiwa. Ni sawa na foleni ya kisimani ambapo kamba amekabidhiwa aliyesinzia, na walio macho wanamngoja.

Torvalds aliamua kulirudisha kufuli hilo katika umbo lake la awali, ambamo prosesa inayolihitaji hailali bali hukagua mfululizo mpaka lifunguliwe. Kasi ilirejea kabla toleo halijatoka Julai 2008. Ufumbuzi huo ulikuwa na gharama yake: kazi iliyoshika kufuli haikuweza kukatizwa, hivyo kazi zinazohitaji majibu ya haraka zilicheleweshwa. Ingo Molnár akaanzisha juhudi za kuliondoa kufuli lenyewe, na Arnd Bergmann akazikamilisha. Toleo la 2.6.39 la Mei 2011 lilitoka bila kufuli kubwa, miaka 15 baada ya kuingizwa kwake.

Historia hii inaonyesha kwamba mashine inayokwama si lazima iwe dhaifu. Pengine imepangiwa zamu vibaya. Tofauti hiyo ni muhimu kwa serikali na shule zinazolazimika kuchagua kati ya kununua vifaa vipya na kurekebisha programu.

Kwa upande wa lugha, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 na kuthibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba menyu na maagizo ya kompyuta. Kazi hiyo ilihusu kile ambacho mtumiaji hukiona kwenye skrini. Maelezo ya sababu za kukwama kwa mfumo yalibaki nje ya mipaka yake.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba mitaala ya sayansi ya kompyuta na kamati za istilahi zishughulikie pia simulizi za hitilafu na marekebisho, badala ya orodha za maneno pekee. Katika Diaca, Kimakonde, Kimwani, Kiswahili na Kireno hukutana. Kijana wa huko anayefahamu foleni ya kisimani amekwisha kuifikia nusu ya maelezo ya mwaka 2008. Nusu iliyobaki ni wajibu wa wanaoandika vitabu.