Mgeuko Unaogeukia Nyuma: Mshangao, Sababu na Ushahidi katika Masimulizi ya Kubuni

Ikisiri

Mgeuko wa matukio katika kazi za kubuni umezoeleka kupimwa kwa ukubwa wa mshangao unaouzaa. Makala haya yanakipinga kipimo hicho. Kwa kuchambua onyesho la mahakamani katika Mabepari wa Venisi, kisa cha Fumo Liyongo, riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1926 na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, yanadai kwamba mgeuko hufaulu pale unapozaliwa na matendo ya wahusika wenyewe na kuyapa maana mpya yale ambayo msomaji alikwisha kuyaona. Mwishoni yanapendekeza maswali matatu ambayo mhakiki anaweza kuyatumia badala ya kuuliza tu kama alishtuka.

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili unaoandikiwa shule na vyuo huziorodhesha taharuki, sadfa, kinaya na mbinu rejeshi, kila moja na mfano wake. Orodha hiyo humwezesha mwanafunzi kuitambua mbinu, lakini haimpi kigezo cha kusema kama imefaulu au imemshinda mwandishi. Upungufu huo hujitokeza zaidi katika mgeuko wa matukio, yaani pale mkondo wa kisa unapokwenda kinyume na ulivyotarajiwa. Kwa kukosa kigezo kingine tunauhukumu kwa mshangao. Ukitushtua tunausifu, na tukiubashiri tunasema mwandishi hakujua kuficha.

Hoja ya makala haya ni kwamba mshangao ni dalili tu, tena dalili isiyoaminika. Kumshtua msomaji ni kazi nyepesi, kwani mwandishi yeyote anaweza kumuua shujaa wake kwa radi katika ukurasa wa mwisho. Kazi ngumu ni kumfanya msomaji, baada ya kushtuka, akiri kwamba jambo lile lilikuwa mbele ya macho yake tangu mapema. Mgeuko wa namna hiyo hugeukia nyuma, kwa kuwa huzibadilisha kurasa zilizokwisha kusomwa. Ndiyo maana usomaji wa mara ya pili, ambao huua mshangao wote, ndio unaoupima vizuri zaidi.

2. Kugeuka kwa hali na kugeuka kwa maarifa

Aristotle, aliyeandika katika karne ya 4 K.K., alitenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi sisi huyachanganya. La kwanza ni kugeuka kwa hali, pale tendo lililokusudiwa kuleta jambo fulani linapoleta kinyume chake. La pili ni utambuzi, pale mhusika anapotoka katika kutojua akaingia katika kujua. Mfano wake mkuu ni Oedipus wa Sophocles. Mjumbe anafika kutoka Korintho kumwondolea mfalme hofu kwamba huenda akamwoa mama yake, akamweleza kwamba wale waliomlea hawakumzaa. Habari iliyokuja kumtuliza ndiyo inayomfungulia mlango wa kujua kwamba alishamuua baba yake na kwamba mama yake ndiye mkewe. Hali na utambuzi vinakutana katika tukio moja, na huo kwa Aristotle ndio mgeuko bora.

Inafaa kukumbuka kwamba watazamaji wa Athens walikuwa wakikifahamu kisa cha Oedipus kabla hawajaketi kutazama. Hawakuwa na cha kushangazwa nacho, na bado mgeuko uliwagusa. Basi kugeuka kwa hali hakuhitaji siri yoyote kwa hadhira. Kinachohitaji siri ni aina nyingine, kugeuka kwa maarifa ya msomaji, ambako ndiko riwaya ya upelelezi ilikojengwa.

Tukishika tofauti hii, tutaona kwamba baadhi ya riwaya za Kiswahili ambazo husifiwa kwa maudhui tu zina mgeuko uliofumwa kwa ustadi. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Zakaria anamlinda binti yake kwa ukali, na ukali huo unamtoa Rosa nyumbani akiwa hana uzoefu wala kinga dhidi ya ulimwengu anaokutana nao chuoni. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maksuudi anamfungia Maimuna ndani ili kuitunza heshima ya jina lake, na kifungo hicho ndicho kinachomsukuma binti kutoroka na kuishia katika maisha ambayo baba aliyaogopa kuliko yote. Msomaji mzoefu hatashangaa. Ataona jinsi tendo la ulinzi linavyozaa maangamizi kwa mantiki yake lenyewe, na uzito wa riwaya zote mbili uko hapo.

3. Damu ambayo haikutajwa katika hati

Mfano ulio wazi zaidi wa mgeuko unaotokana na tendo la mhusika mwenyewe umewafikia wasomaji wa Kiswahili tangu mwaka 1969, Julius Nyerere alipochapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Kisa kinajulikana. Antonio ameshindwa kulipa deni, na Shylock anadai ratili ya nyama ya mwili wake kama mkataba unavyosema. Portia, akiwa amevaa kama mwanasheria, anakiri kwamba sheria iko upande wa mdai. Halafu anatamka kwamba mkataba unampa nyama lakini haumpi hata tone moja la damu.

Wanaoulaumu mgeuko huu husema ni hila ya kisheria iliyotolewa mfukoni dakika ya mwisho. Lawama hiyo haisimami ukiyasoma mazungumzo yaliyotangulia. Kabla ya hukumu, Portia anamtaka Shylock aweke daktari karibu, kwa gharama yake, asije Antonio akafa kwa kutokwa na damu. Shylock anauliza kama jambo hilo limeandikwa katika mkataba. Halimo, kwa hiyo halimhusu.

Katika maneno hayo machache Shakespeare amefanya mambo mawili. Amekwisha kuitaja damu mbele ya kila mtu, nasi tumeipita kwa sababu tulidhani suala ni huruma. Tena amemfanya Shylock mwenyewe aweke kanuni kwamba kisichoandikwa hakipo. Dakika chache baadaye kanuni hiyo inamrudia. Portia hakuleta sheria mpya katika hoja ya damu. Ameisoma hati kama mwenye hati alivyotaka isomwe. Anayeitazama tamthilia mara ya pili hana tena wasiwasi juu ya maisha ya Antonio, lakini anapata kitu ambacho mtazamaji wa mara ya kwanza hakukipata: anamwona Shylock akijifunga kwa ulimi wake.

Kinyume chake, sehemu inayofuata ya hukumu, ambapo Portia anaibua sheria ya Venisi dhidi ya mgeni anayetishia uhai wa raia, ni dhaifu zaidi kisanaa. Sheria hiyo haikuwa imedokezwa popote. Inammaliza Shylock, lakini haina cha kugeuza nyuma yake. Onyesho moja limebeba migeuko miwili, na tofauti ya nguvu zake yatosha kuonyesha kwamba mshangao peke yake hauelezi ubora.

4. Mahali pa kufichia

Kama ushahidi lazima uwe mbele ya macho, mwandishi ataufichaje? Jibu moja limo katika masimulizi ya pwani yetu. Katika kisa cha Fumo Liyongo, kama kilivyotungwa kwa utenzi na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, shujaa yumo gerezani na walinzi wanakula mikate mizuri anayoletewa kutoka kwa mama yake. Liyongo anampelekea mama yake ujumbe kwa wimbo, kupitia kwa mjakazi Saada, kwamba uokwe mkate wa wishwa na ndani yake iwekwe tupa. Walinzi wanauona mkate huo, wanaudharau, wanauacha umfikie mfungwa. Kisha inapigwa ngoma, na mshindo wake unafunika sauti ya chuma kinachokatwa.

Hadhira ya utenzi inajua kila kitu. Wanaodanganyika ni walinzi. Lakini walinzi hao wanafanana sana na wasomaji. Hawakunyimwa ushahidi, kwani ulipita mikononi mwao. Kilichowapofusha ni mazoea yao ya kupanga vitu kwa thamani. Mwandishi wa mgeuko hufanya vivyo hivyo. Huweka jambo zito ndani ya jambo ambalo msomaji amezoea kuliruka, kama vile maelezo ya mazingira, utani wa mhusika mdogo au lalamiko la mtumishi. Halafu, wakati jambo hilo linapofanya kazi yake, humpigia msomaji ngoma mahali pengine. G. K. Chesterton alilitumia wazo hili mwaka 1911 katika hadithi ambamo mashahidi wanaapa kwamba hakuna mtu aliyeingia katika jengo, ilhali mpeleka barua aliingia na kutoka. Hawakusema uongo, kwa kuwa katika mazoea yao mpeleka barua hahesabiwi kuwa mtu aliyeingia.

Mbinu hii ina faida ya kimaadili ambayo haizungumzwi vya kutosha. Msomaji aliyedanganywa kwa dharau yake mwenyewe hujifunza jambo kuhusu macho yake, ilhali aliyenyimwa habari hajifunzi chochote.

5. Msimulizi anayeruka dakika kumi

Mpaka kati ya kuficha na kunyima ulijadiliwa kwa ukali baada ya Agatha Christie kuchapisha The Murder of Roger Ackroyd mwaka 1926. Anayesimulia ni Daktari Sheppard, jirani mpole anayemsaidia mpelelezi Hercule Poirot. Mwishoni inabainika kwamba muuaji ni yeye. Wasomaji wengi waliona wametapeliwa. Mwaka 1929 padri Ronald Knox, naye mwandishi wa riwaya za upelelezi, alitoa kanuni kumi za utanzu huo. Mojawapo inakataza muuaji kuwa mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kuyafuata mawazo yake.

Je, Christie alivunja ahadi? Ukirudi katika sura ya mauaji, utaona kwamba Sheppard hasemi neno la uongo. Anaeleza kuwa barua ililetwa saa fulani, na kwamba alipoondoka dakika kumi baadaye ilikuwa bado haijasomwa yote. Anasema alisita mlangoni akijiuliza kama kuna jambo hakulifanya. Kuhusu dakika zile kumi, amenyamaza. Mara ya kwanza sentensi hizo ni maelezo ya kawaida ya daktari mwangalifu. Mara ya pili ni ungamo. Hakuna herufi iliyobadilika, lakini maana yote imebadilika. Kwa kigezo cha makala haya mgeuko huo ni halali, maana kurasa za nyuma zinaushuhudia.

Muhammed Said Abdulla, aliyeuzoesha utanzu huu katika Kiswahili kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale, alichagua njia salama zaidi. Najum, mwenzake mpelelezi Bwana Msa, yuko karibu na kila tukio na anaona karibu yote ambayo Msa anayaona, ila hajui aone nini. Siri haifichwi na mtu anayenyamaza. Inafichwa na akili ya kawaida kama yetu. Mbinu hiyo haina ujasiri wa Christie, lakini humlinda mwandishi dhidi ya shutuma ya utapeli.

6. Majina yanayotoboa siri

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Fasihi yetu hupenda majazi, na jina la mhusika hutangaza tabia yake kabla hajatenda. Je, mgeuko unawezekanaje pale ambapo ndugu wawili wa shujaa wanaitwa Hasidi na Mwivu, kama katika Adili na Nduguze (1952)?

Shaaban Robert aliuweka mgeuko wake mahali pengine kabisa. Kabla ya kusikia habari za usaliti, tunachungulia pamoja na Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai, tukamwona Adili usiku akiwapiga manyani wawili mijeledi, kisha akiwabembeleza. Tendo linaonekana kuwa la ukatili, au la wazimu. Maelezo yanapotolewa mbele ya mfalme kwamba manyani hao ni ndugu zake, na kwamba ameamriwa kuwapiga, picha ileile inageuka kuwa ya utii mchungu na ya huruma isiyokoma. Majina hayaharibu chochote, kwa sababu swali la kisa halikuwa nani mwovu. Lilikuwa: tulichokiona kilikuwa nini?

Hata katika maabara kuna dalili za jambo hili. Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya majaribio yaliyotumia hadithi fupi 12. Kwa jumla wasomaji waliodokezewa mwisho mapema walizifurahia zaidi. Tafiti zilizofuata zimetoa matokeo yasiyolingana, hivyo si busara kuyafanya kanuni. Yanatosha kutia shaka dhana kwamba anayeujua mwisho hana cha kusomea.

7. Sadfa na sanamu ya Mitys

Inabaki sadfa, ambayo wahakiki wetu huitaja bila kuihukumu. Aristotle anasimulia juu ya sanamu ya Mitys huko Argos iliyomwangukia na kumuua mtu aliyekuwa amemuua Mitys. Kwa maoni yake, hata bahati hushangaza zaidi ikionekana kama iliyokusudiwa. Mfano huo unatupa kipimo. Sadfa inayomwingiza mhusika matatani huvumilika, kwa kuwa ndiyo mwanzo wa kisa. Inayomtoa matatani hulipunguzia uzito kila tendo lililotangulia. Ndiyo sababu Aristotle aliuweka chini utambuzi unaotokana na makovu na mikufu, akaupandisha ule unaozaliwa na matukio yenyewe. Mtoto aliyepotea akitambuliwa kwa alama ya kuzaliwa katika sura ya mwisho, mwandishi amempa msomaji habari. Akitambuliwa kwa uamuzi ambao ni yeye tu angeufanya, amempa sababu.

8. Hitimisho

Mhakiki anayekutana na mgeuko anaweza kuuliza mambo matatu. Ni tendo la nani limeuzaa? Ushahidi wake uliwekwa wapi, na ni mazoea gani ya msomaji yaliyoufunika? Ni kurasa zipi za nyuma zinazosomeka tofauti sasa? Maswali hayo yanafaa kwa mwandishi pia akiwa bado anaandika, hasa la tatu, kwa kuwa humlazimu arudi katika sura za mwanzo na kupanda huko kile anachotaka kukivuna. Yatamponya pia na hofu ya kubashiriwa, ambayo imewafanya wengi wafiche hadi pasibaki chochote cha kufuatilia. Msomaji aliyeubaini mwisho kwa kuufuata ushahidi hajaiharibu kazi. Ameisoma kama ilivyoandikwa.