Siku ya Kuonana Mugunga

Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini nchini Kongo, Jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame mara moja. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka siku 5 kabla, Jumamosi jioni, na wataalamu waliogopa mlipuko wa pili, safari hii chini ya mji wenyewe au chini ya Ziwa Kivu. Njia iliyotajwa ilikuwa ya magharibi, kuelekea Sake. Baada ya muda mfupi barabara inayopita Mugunga haikuwa na pa kuweka mguu: magodoro kichwani, masufuria, kuku waliofungwa miguu, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizosheheni mpaka magurudumu yake yakawa yanalia. Watu karibu 400,000 walihama kwa jumla. Wengine walivuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda, wengine walipanda boti za Bukavu, na wengi wakalala makanisani na shuleni huko Sake.

Ofisi nazo zilihama. Goma ni mji wa ofisi kuliko unavyodhaniwa na wanaousikia kwenye habari za vita tu: mashirika ya misaada, benki, idara za jimbo, redio, maduka ya jumla yenye wahasibu watatu watatu. Sasa mhasibu yuko Minova, mkuu wake Bukavu, dereva yuko kwa shemeji Sake, na mtunza ghala simu yake haiiti. Ukishajua nani mzima na nani bado anatafutwa, swali linalofuata ni moja. Tutaonana siku gani, na wapi?

Baada ya korona swali hilohilo liliingia kwenye ofisi za Nairobi na Dar es Salaam likiwa limevaa tai. Wanaofanya kazi nyumbani wapangiwe siku zipi za kufika, ili wasije Jumatatu wakawakuta wenzao wamechagua Alhamisi? Huko lilionekana jambo jipya. Mugunga ilikuwa imeshalijibu mara nyingi, mara nyingine vizuri na mara nyingine vibaya sana.

Mugunga leo ni mtaa wa wilaya ya Karisimbi, pembeni kabisa mwa mji upande wa magharibi, juu ya mawe meusi ya volkano na karibu na ziwa. Ni mahali pa kupitia. Anayetoka Masisi na maharagwe, jibini au makaa hawezi kuingia Goma kwa barabara ya Sake bila kuugusa, na volkano ikifunga njia hiyo biashara yote hutafuta pengine pa kukutania. Ndivyo ilivyokuwa volkano ya Nyamulagira ilipomwaga lava kati ya 1938 na 1940, ikafika mpaka Ziwa Kivu karibu na Sake.

Mwanahistoria David Newbury, aliyechunguza biashara ya ziwa hilo katika karne ya 19, alieleza habari za butega: vikuku vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea na Watembo wa milima ya magharibi, vikazunguka masokoni pande zote za ziwa kama fedha. Kikuku cha butega ukikaa nacho nyumbani ni pambo tu. Ili kiwe fedha anahitajika mtu wa pili, tena siku ambayo mtu huyo yupo. Watu waliokaa mbali mbali, kila mmoja kilimani kwake, walihitaji kuijua siku hiyo kabla ya kuhitaji kitu kingine chochote.

Wavuvi wa sambaza, kwa upande wao, wanapangiwa na mwezi. Samaki huyo mdogo aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na anavuliwa usiku kwa taa: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa, taa inawashwa, samaki wanapanda kuufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa inakosa kazi, kwa sababu ziwa zima linang'aa. Basi wanaume ambao kwa majuma matatu walilala mchana na kukesha majini, kila kikundi upande wake, wanaonekana nchi kavu usiku kwa pamoja. Nyavu zinashonwa, madeni yanadaiwa, ugomvi unamalizwa au unaanzishwa. Ni vigumu kupata kalenda ya kazi iliyo bora kuliko hiyo, na hakuna mkuu aliyeitia sahihi.

Iliyotiwa sahihi ilikuwa ya salongo. Katika miaka ya 1970 Rais Mobutu aliwaagiza Wakongo, wakati huo Wazaire, watoke siku maalumu kufanya kazi za umma bila malipo: kufyeka, kuzibua mifereji, kufagia barabara. Kwa maneno ilikuwa kuungana kwa wananchi. Kwa vitendo ilihitaji askari, orodha na faini, na siku inayohitaji faini ili watu wafike imeshajieleza. Salongo hata hivyo haikufa na Mobutu. Goma imeendelea kuijua kila utawala unapotaka kuonekana uko kazini. Ng'ambo ya mpaka kuna umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na mchuuzi wa Goma anayenunua Gisenyi anaiweka tarehe hiyo kichwani kama ya kwake.

Julai 1994 Mugunga ikawa jina la dunia nzima. Kwa siku chache watu wanaokaribia milioni moja walivuka kutoka Rwanda, na makambi yakasimama Kibumba, Katale, Kahindo, Lac Vert na Mugunga. Ardhi ni mwamba wa lava: choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki. Mwezi wa kwanza tu kipindupindu na kuhara damu viliua watu wanaokadiriwa kufikia 50,000. Mashirika yalimiminika, moja na matangi ya maji, jingine na madaktari, jingine na magari na bendera tu, na kila moja likajenga ofisi yake pale lilipopata nyumba. Kuwakutanisha watu hao ikawa kazi yenyewe. HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilipaswa kuwaita mezani, la sivyo mahema mawili ya wagonjwa yangejengwa ubavu kwa ubavu huku upande wa pili wa kambi hauna hata moja.

Mikutano hiyo ndiyo mwanzo wa desturi ambayo Goma haikuiacha tena. Kulikuwa pia na daftari la mahudhurio la ajabu kidogo: redio ya upepo. Kwa saa iliyopangwa, mtu wa chumba cha redio aliwaita walioko nje mmoja mmoja, si kwa majina bali kwa herufi na namba zao za mwito. Anayejibu alitaja alipo na kwamba ni mzima, mkwaruzo ukipita katikati ya maneno; asiyejibu aliitwa tena, na akinyamaza mara ya tatu gari liliandaliwa kwenda kumtafuta. Haikuwa na mazungumzo, wala hakuna aliyeweza kupanga kazi kwa njia hiyo. Ilithibitisha uhai tu. Ya kupanga yalingoja chumba, viti vya plastiki na ramani ukutani.

Makambi hayo yaliisha Novemba 1996, vita vilipoyafikia na watu takriban nusu milioni wakarudi Rwanda kwa miguu kwa siku chache. Ofisi nyingi zilibaki au zilirudi baadaye. Mwaka 2006 Kongo ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kujaribu mpango mpya wa Umoja wa Mataifa wa kugawa misaada kwa klasta: klasta ya maji, ya afya, ya chakula, ya ulinzi, kila moja na mkutano wake. Hapo kalenda ya Goma ilijaa. Mfanyakazi aliyeko Walikale au Masisi alipaswa kuchagua: afike mkutanoni na kupoteza siku mbili za njia, au asifike na kusikia baadaye kwamba eneo lake limepewa shirika jingine. Ndege za misaada zilipokuwa na zamu zake kwa juma, mara nyingi zamu hizo ndizo zilizoamua nani anamwona nani. Mvua ikikata barabara ya Masisi, kiti kinabaki kitupu.

Walioijua sayansi ya kupanga siku ya kuonana kuliko wenye viti vya plastiki, hata hivyo, walikuwa wakaazi wa kambi wenyewe.

Kuanzia 2007 na 2008 Mugunga ilijaa tena, sasa kwa Wakongo waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru: Mugunga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vibanda vya miti iliyopindwa vilifunikwa shitingi, na kingo zake zikazuiwa kwa mawe ya lava ili upepo usizibebe. Kwenye karatasi, familia iliandikwa kibanda fulani, bloku fulani. Katika maisha, familia ilikuwa mahali pawili. Bunduki zikinyamaza kidogo, baba au binti mkubwa alirudi Masisi kuangalia shamba, akavuna alichokuta kimebaki, akalala huko usiku mmoja au kumi, kisha akashuka tena Mugunga. Mashirika yalikuwa na jina la Kifaransa la mwendo huo, jina la timazi ya saa: huku, kule, huku.

Mwendo huo ulipangwa kwa siku ya mgao wa chakula. PAM, Shirika la Chakula Duniani, ikishatangaza tarehe, habari ilipita kwa rais wa kambi, kwa mkuu wa bloku, kwa simu ya jirani, ikapanda mlima haraka kuliko gari. Mwenye kadi alipaswa awepo, maana unga, maharagwe, mafuta na chumvi havikutolewa kwa salamu. Kwa hiyo tarehe hiyo kambi ilijaa watu waliokuwa wametawanyika, na wakishafika walifanya mengine yote: posa zilizungumzwa, marehemu aliyezikwa kijijini alililiwa upya na waliokosa matanga, walioweka akiba kwa likelemba wakapokezana zamu. Maofisa wengine waliuona mwendo huo kama udanganyifu: kama unaweza kulala Masisi, kambini unatafuta nini? Jibu lilikuwa wazi kwa kila aliyetazama: shamba halina usalama wa kutosha kulala, kambi haina chakula cha kutosha kushiba, na familia inaishi kwa kuunganisha nusu mbili.

Machi 2020 korona ilifunga mpaka wa Goma na Gisenyi, na maelfu ya wanawake waliokuwa wakivuka kila siku na beseni kichwani wakazuiwa. Wakajifunza kukusanya bidhaa pamoja na kuzivusha kwa gari moja.

Volkano ya 2021 nayo ilitoa onyo lake juu ya kazi za mbali. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma kilikuwa na vipimo vilivyotawanywa kwenye milima vikituma habari kwa intaneti. Ufadhili uliopitia Benki ya Dunia ulipokoma 2020, kituo hakikuweza kulipa intaneti hiyo, na kwa miezi kadhaa vipimo vikawa mlimani huku wanaovisoma wako mjini, bila kitu katikati.

Kisha Januari 2025. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango, na utawala wa jimbo unaotambuliwa na Kinshasa ukahamia Beni. Wafanyakazi walitawanyika kuliko hata mwaka wa volkano, na wengine hawakuwa na siku ya kurudi. Waliobaki mjini wenye akaunti walivuka Gisenyi kutafuta fedha taslimu, na mwisho wa mwezi watu wa ofisi moja walipishana mpakani, wakapeana habari wakiwa wamesimama kwenye foleni.

Februari mwaka huohuo makambi ya Bulengo, Lushagala na mengine ya Mugunga yalivunjwa kwa siku chache, watu wakiambiwa warudi makwao. Walikunja shitingi, wakafunga miti kwa kamba, wakashika barabara ileile ya Sake iliyojaa mwaka 2021. Nyuma yao yalibaki mawe ya lava yaliyokuwa yakizuia kingo za vibanda, yamepangika katika miraba midogo midogo, bloku baada ya bloku.