Kanisa Ndani ya Boma: Ushuhuda wa Ngome za Kale za Sri Lanka

Utangulizi

Neno "gereza", ambalo leo hututajia mahali pa kufungia wahalifu, lina asili inayostahili kutafakariwa na kila mtumishi wa Kanisa. Wataalamu wa lugha hulitoa katika neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Wareno walipojenga ngome katika pwani yetu waliweka kanisa ndani ya kuta zilezile zilizotunza mizinga na baruti, na wenyeji waliotazama kutoka nje hawakuona sababu ya kutenga jina la kimoja na la kingine. Huko Kilwa Kisiwani boma la kale lingali likiitwa Gereza hata leo. Ngome ya Yesu ya Mombasa nayo ilitumiwa na Waingereza kuwa gereza kamili toka 1895 hadi 1958.

Katika makala haya tunakusudia kulichukua neno hilo na kwenda nalo ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika taifa la kisiwa cha Sri Lanka, ambacho zamani kiliitwa Ceylon. Safari hiyo si ya kulazimisha. Mnamo 1505 Francisco de Almeida aliteka Kilwa, akajenga boma pale, kisha akaichoma Mombasa. Mwanawe Lourenço, aliyekuwa katika msafara huo, ndiye aliyewaongoza Wareno wa kwanza kufika Ceylon, mwaka huohuo kwa hesabu ya waandishi wengi. Basi mkono uliojenga huku ndio uliojenga kule. Msomaji atakayejaliwa kufika Sri Lanka atakuta ngome nyingi za kutazamwa. Sisi tumechagua tatu, kwa kuwa kila moja ina neno la kuliambia Kanisa.

Trincomalee: mawe ya hekalu

Ngome ya Trincomalee, pwani ya mashariki, imesimama juu ya rasi iliyoinuka baharini. Waingereza waliipa jina la Fort Frederick mnamo 1803, lakini walioianza ni Wareno, katika miaka ya 1620. Juu ya mwamba huo palikuwapo hekalu mashuhuri la Wahindu, Koneswaram. Wareno walilibomoa, na mawe yake wakayatumia kujengea kuta za ngome.

Hekalu lilijengwa upya katika karne ya ishirini. Leo mahujaji wa Kihindu huingia kwa lango la ngome ile na kupanda hadi mahali pao pa ibada. Mkristo anayetembea pamoja nao hana budi kujiuliza: watu hawa walijifunza nini juu ya Msalaba, ikiwa waliuona mara ya kwanza mikononi mwa wale waliovunja madhabahu yao?

Galle: mji ndani ya kuta

Waholanzi, wa Kampuni ya India ya Mashariki, waliutamani mdalasini wa kisiwa hicho. Kwa msaada wa mfalme wa Kandy waliwafukuza Wareno, wakiteka Galle mnamo 1640, Colombo 1656 na Jaffna 1658. Huko Galle, kusini, toka 1663 walijenga kuta kubwa zenye buruji kumi na nne. Tatu kati yake zina majina ya Jua, Mwezi na Nyota. Upande wa ndani wa lango la kale pangali na nembo ya Kampuni na mwaka 1669. Ndani ya kuta kuna Kanisa Kuu la Waholanzi, lililokamilika 1755, ambalo sakafu yake imetandazwa mawe ya makaburi. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1988, na bado unakaliwa na watu wa dini mbalimbali.

Hatuna haki ya kusema kwamba kuta hazikufaa kitu. Tarehe 26 Desemba 2004, bahari ilipoufunika mji mpya wa Galle na kuua watu wengi, waliokuwa ndani ya boma walisalimika kwa sehemu kubwa. Lakini tukumbuke pia jasho lililomwagika. Kampuni ilitumia watumwa katika kazi zake, wengine kutoka Afrika. Katika wilaya ya Puttalam wako hadi leo wazao wa Waafrika walioletwa kisiwani katika enzi hizo za wageni.

Jaffna: kanisa lililobomoka

Huko Jaffna, kaskazini, Waholanzi waliijenga upya ngome ya Wareno kwa umbo la pembe tano, wakitumia mawe ya matumbawe, na kuizungushia handaki la maji. Mwaka 1706 walijenga ndani yake kanisa lenye umbo la msalaba. Kuta za nje zilikamilika mnamo 1792. Miaka mitatu baadaye ngome ilisalimishwa kwa Waingereza pasipo vita. Mwaka 1990, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilizingirwa kwa miezi kadhaa, na katika mapigano ya miaka hiyo kanisa lile liliharibiwa kabisa. Baada ya vita kumalizika mwaka 2009 kuta zilianza kukarabatiwa, lakini mahali pa kanisa pamebaki kifusi.

Imani ya serikali na imani ya maskini

Kuanguka kwa jengo hilo kulitanguliwa na anguko jingine. Chini ya Kampuni, mtu aliyetaka cheo cha serikali, au ndoa na urithi wake vitambulike kisheria, alipaswa kubatizwa katika Kanisa la Reformed. Hivyo madaftari yalijaa majina. Hatusemi kwamba wachungaji wote walikuwa wavivu. Wapo waliojifunza Kitamil na Kisinhala, na mtambo wa kuchapia ulianza kazi Colombo mnamo 1737. Hata hivyo, Kampuni yenyewe haikuficha moyo wake ulipo. Mnamo 1753 ilitoa merikebu ya kuwaleta watawa wa Kibuddha kutoka Siam, ili kumridhisha mfalme wa Kandy. Waingereza walipoondoa shuruti, umati mkubwa wa waliobatizwa ulirudi katika Ubuddha na Uhindu.

Kwa upande mwingine, Waholanzi walikuwa wamepiga marufuku mapadre Wakatoliki tangu 1658. Mwaka 1687 padre mmoja wa Goa, Joseph Vaz, aliingia Jaffna akijifanya ombaomba. Hakuwa na boma, mizinga wala mshahara. Alipofika Kandy alifungwa akidhaniwa ni mpelelezi wa Wareno. Baadaye mfalme huyo, ambaye ni Mbuddha, akampa uhuru wa kufanya kazi yake, na ndui ilipoingia mjini Vaz aliwauguza waliotelekezwa. Alifariki Kandy mwaka 1711. Kanisa alilolihudumia kwa siri lipo na lina waumini wengi. Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu mnamo 2015.

Hitimisho

Sisi Walutheri tunaupenda wimbo wa Luther unaotokana na Zaburi ya 46, nao humwita Mungu ngome. Tuangalie vizuri: Luther hakusema kwamba Kanisa ni ngome, wala kwamba Injili inahitaji kujengewa moja. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, lakini Jaffna na Kandy zinaonyesha ukubwa wake kwa matendo.

Jambo hili si la Wareno na Waholanzi peke yao. Nasi tunazo kuta zetu: takwimu za ubatizo tunazojivunia, upendeleo wa wenye mamlaka, majengo ya misioni tuliyorithi. Hayo yote yaweza kufaa kwa wakati wake, kama kuta za Galle zilivyofaa siku ya gharika. Lakini siku yatakapoondolewa, itajulikana kama watu walikuja kwa Kristo au walikuja kwa kivuli cha ukuta. Na lugha yetu itaendelea kutukumbusha, kila tulitamkapo neno gereza, jinsi kanisa linavyoweza kuonekana machoni pa wale wanaolitazama kutoka nje.