Sungura wa Kijani na Mama Nguruwe

Tangu kale mwanadamu amewageuza wanyama kwa kuchagua madume na majike ya kuzalisha. Katika karne ya 20 alijifunza njia ya pili, nayo ni kuhamisha jeni, yaani chembe za urithi, kutoka kiumbe kimoja hadi kingine. Kazi hii hufanywa ndani ya maabara, mbali na macho ya watu. Wako wasanii walioileta hadharani, na habari za wawili kati yao zafaa kujulikana.

Mwaka 2000 Eduardo Kac, msanii mzaliwa wa Brazil, alitangaza habari za sungura mweupe, jina lake Alba, aliyetoka katika maabara ya utafiti nchini Ufaransa. Sungura huyo alikuwa na jeni ya yavuyavu, mnyama laini wa baharini, iliyomwezesha kutoa nuru ya kijani alipomulikwa kwa mwanga wa buluu. Kac alitaka kumwonyesha mjini Avignon, kisha akamtunze nyumbani kwake Chicago pamoja na jamaa yake. Maabara ilikataa kumtoa. Ikabaki picha ya sungura wa kijani mwili mzima. Picha ikaenea magazetini, watu wakabishana. Baadaye mtaalamu mmoja wa maabara alisema kwamba mnyama hakung'aa hivyo, maana manyoya hayatoi nuru ile. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Patricia Piccinini wa Australia alishika njia nyingine. Mwaka 2002 alitengeneza kwa silikoni sanamu ya kiumbe wa kubuni, nusu mtu nusu nguruwe, amelala akinyonyesha watoto wake. Aliwaza habari za wanyama watakaofugwa ili viungo vyao viponye watu. Mwaka 2003 sanamu hiyo ilionyeshwa Venice, Italia. Ukiitazama, kwanza wachukizwa. Kisha waona uso wa mama aliyechoka, na moyo hulainika. Mnamo Januari 2022 madaktari wa Maryland, Marekani, walimpandikizia mgonjwa moyo wa nguruwe aliyebadilishwa jeni. Mgonjwa aliishi miezi miwili hivi.

Basi tazama: picha ilitia chumvi jambo lililokuwapo, sanamu ilibuni jambo lisilokuwapo, lakini swali lake lilikuwa la kweli. Nawe ukutanapo na kazi za namna hii, jiulize mambo mawili. Je, mnyama huyu yuko hivi kweli? Na kiumbe tuliyemgeuza kwa haja yetu, twawiwa naye nini? Swali la kwanza lataka elimu. La pili lataka utu. Usiliache hata moja.