Laptop Used Zilivyowafanya Ma-DJ wa Mpanda Wajitegemee

Nenda kwenye harusi au send-off yoyote pale Mpanda mjini, iwe Makanyagio, Kawajense au Nsemulwa. Jina la MC utalijua kabla hujapata kiti. Majina ya maharusi yamebandikwa ukutani kwa herufi za kung'aa. Kamati itatajwa mmoja mmoja mpaka mweka hazina msaidizi. Ila yule kijana aliyeinama nyuma ya meza, mwenye laptop iliyochubuka kona na kistika cha ofisi fulani ya Ulaya kisichobanduka vizuri, ataitwa tu "DJ, tupandishie!" Na sherehe yote iko mikononi mwake.

Historia yake haijaandikwa popote, na historia ya ile mashine yake ndio kabisa. Lakini ukiifuatilia, utaona namna mkoa mzima ulivyobadilika.

Enzi za mwenye vyombo

Mpanda ilikuzwa na mgodi. Madini ya risasi ya Uruwira ndiyo yaliyofanya wakoloni wajenge tawi la reli kutoka Kaliua, takriban kilomita 210, lililoanza kazi karibu na mwaka 1950. Mgodi ulikuja kufungwa, reli ikabaki. Kwa miongo mingi, kitu kizito kilichotoka Dar es Salaam au Tabora kilishuka stesheni, na barabara wakati wa masika ilikuwa bahati nasibu.

Sasa piga picha disko la zamani. Mashine mbili za kuchezea santuri, miksa, amplifaya, spika zenye uzito wa magunia ya mpunga. Ile Technics SL-1200 inayosifiwa na ma-DJ dunia nzima ilitoka Japani mwaka 1972, lakini kuipata Tanzania ilikuwa habari nyingine. Fedha za kigeni zilikuwa adimu. Kompyuta ndio usiseme: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na masharti yalianza kulegezwa miaka ya 1980. Hata televisheni, Tanzania Bara ilianza kuionja mwaka 1994.

Matokeo yake yalikuwa wazi: muziki wa sherehe ulikuwa wa mwenye vyombo. Huyo ndiye aliyekuwa na hela, gari na jenereta. DJ alikuwa kibarua. Anaitwa wikiendi, anapiga mpaka asubuhi, siku ya sikukuu anaanza mchana na disko toto, halafu anapewa kilichopatikana. Santuri na kaseti si zake, na akikosana na bosi anaondoka mikono mitupu. Kaseti zilipunguza uzito wa mzigo, CD zikaupunguza zaidi, lakini vyombo vilibaki kwa bosi.

Muziki unahamia kwenye faili

Mabadiliko yalianzia mbali. Mwaka 1995 watafiti wa Fraunhofer kule Ujerumani waliamua faili zao za sauti zilizobanwa ziitwe MP3. Mwaka 1997 ikaja Winamp, na kompyuta yoyote ya mezani ikawa redio kubwa. Miaka ya mwanzo ya 2000 ikatoka FinalScratch, iliyomwezesha DJ kuendesha faili za kompyuta kwa kutumia santuri maalumu. VirtualDJ ikafuata mwaka 2003, na Serato ya kampuni ya New Zealand mwaka 2004. Kwa wasio na hela kabisa kukawa na Mixxx, programu ya bure inayotengenezwa na watu wa kujitolea.

Ulaya na Marekani walibishana miaka mingi kama DJ wa laptop ni DJ kweli. Kwetu ubishi huo haukuwa na mashiko. Wengi hawakuwahi kumiliki santuri, kwa hiyo hawakuwa na cha kuacha. Walitoka kwenye kaseti na CD za kuchoma moja kwa moja mpaka kwenye faili. Vibanda vya kuingizia nyimbo kwenye memori kadi na fleshi vikawa ndio maduka ya santuri ya kizazi kipya. Mkonga wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti ikaanza kushuka bei na nyimbo zikaanza kusafiri kwa kasi kuliko basi.

Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu: mashine yenyewe.

Mzigo wa mtumba

Hapa ndipo ofisi za Wazungu zilipowasaidia vijana wa Katavi bila kujua. Kampuni nyingi kubwa hubadilisha laptop za wafanyakazi kila baada ya miaka mitatu au minne. Zile za zamani huuzwa kwa jumla, zinafutwa data, zinasafishwa, zinapimwa, na nyingine zinapitia Dubai au Uingereza kabla ya kutua Kariakoo. Ndio zile Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad unazoziona zimepangwa kama viatu.

Kwa kazi ya DJ, hizi zina faida kuliko mpya ya bei chee. Zilitengenezwa kwa mtu wa ofisi anayesafiri: bodi imara, matundu ya USB ya kutosha, vipuri vinapatikana, na nyingi fundi anaweza kufungua akaongeza RAM au kubadili diski. Laptop mpya ya bei sawa na hiyo mara nyingi inakuja na prosesa dhaifu na RAM isiyoongezeka. Inang'aa, lakini ukifungua nyimbo mbili kwa pamoja inaanza kuhema.

Mkoa wa Katavi ulipozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, sensa ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Maradufu, ndani ya miaka kumi! Watu wakiongezeka na harusi zinaongezeka, na msimu wa mpunga na tumbaku ukikaa vizuri, kuanzia Juni kamati hazilali. Soko lilikuwepo. Kijana aliyeuza magunia yake au aliyeendesha bodaboda mwaka mzima akanunua laptop yake. Spika akaendelea kukodi, lakini nyimbo zikawa zake. Kwa mara ya kwanza, DJ akikosana na mwenye vyombo aliondoka na kazi yake begani.

Walivyojifunza kununua

Elimu hii haikutoka darasani, ililipiwa. Laptop ikiharibika Mpanda, kuirudisha Kariakoo ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Kwa hiyo likazaliwa somo linalopitishwa mdomo kwa mdomo.

Kwanza, usidanganywe na kistika cha "Core i5". Kuna i5-2520M ya mwaka 2011 yenye viini viwili, na i5-8250U ya mwaka 2017 yenye viini vinne. Kistika kinafanana, mashine ni mbingu na ardhi. Tazama namba kamili.

Pili, dai SSD na RAM ya GB 8. Diski ya zamani inayozunguka haipendi mtikisiko, na spika za besi zikiwa mita moja kutoka mezani, mtikisiko ndio kazi yenyewe.

Tatu, pima betri palepale dukani. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport inaonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo iliobakiza. Muuzaji akikataa usiiandike, umeshapata jibu.

Nne, zima na uiwashe uingie kwenye BIOS. Kama inadai nywila ya kampuni ya zamani, rudisha mezani. Nyingine zina kufuli la mbali la mwenye mali wa kwanza, na hilo fundi wa mtaani halimhusu.

Tano, "used" na "refurbished" si kitu kimoja, ingawa dukani vyote vinaitwa "mzigo wa UK". Moja imekuja ilivyo. Nyingine imepimwa na kurekebishwa, na kwa kawaida inakuja na warantii. Omba risiti inayotaja warantii hiyo, hata ya mwezi mmoja.

Kuiandaa kwa kazi

Laptop ikishafika nyumbani bado si ya DJ, ni ya ofisi. Wazoefu huanza kwa kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Programu zilizovunjwa kufuli zinazogawiwa bure kwenye fleshi ndizo zilizoleta virusi vinavyogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato, dakika kumi kabla ya maharusi kuingia.

Halafu inawekwa kwenye hali ya nguvu kamili, kuzima USB kwa ajili ya kubana umeme kunaondolewa, na usasishaji wa Windows unasimamishwa. Wi-Fi inazimwa wakati wa kazi, maana nayo inaweza kukatakata sauti. Sauti za taarifa zinanyamazishwa pia, kwa sababu ile "ding" ikitoka kwenye spika katikati ya sala ya mchungaji, hakuna atakayeisahau.

Kisha kadi ya sauti. Laptop nyingi zina tundu moja tu la sauti, na DJ anahitaji njia mbili: moja ya ukumbi, moja ya hedifoni ya kusikilizia wimbo unaofuata. Mwenye uwezo ananunua kontrola yenye kadi ndani. Asiye nao anatumia waya wa kugawa, upande mmoja unaenda ukumbini na mwingine sikioni. Sauti ya ukumbini inakuwa mono, lakini wacheza sebene hawajawahi kulalamika. Kwenye programu, bafa ya sampuli 512 kwa kiwango cha 44,100 inachelewesha sauti kwa milisekunde 12 hivi. Sikio la kawaida halishtuki na laptop inapumua.

Mwisho ni mafolda, na hapa ndipo Katavi inajitambulisha. Zilipendwa, rumba, bongo fleva, singeli, kwaya za Kikatoliki, injili, taarab. Unakwenda upande wa Mpimbwe? Bila nyimbo za Kisukuma umekwisha. Unakwenda Katumba au Mishamo, makazi ya waliokimbia Burundi mwaka 1972 ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania? Beba za Kirundi, wazee watasimama.

Umeme, vumbi na kilichopotea

Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikiwashwa na jenereta za dizeli za TANESCO. Hapo laptop ilikuwa na ubabe wake: umeme ukikatika, spika zinanyamaza lakini laptop inaendelea kwa betri, na umeme ukirudi wimbo unakutwa kwenye kiitikio. Adui ni jenereta ndogo za kukodi. Volti zikipanda ghafla chaja inaondoka, ndio maana stabilaiza ikawa sehemu ya vyombo kama maikrofoni. Vumbi la kiangazi nalo linaziba feni, laptop inapata joto, muziki unaanza kukwama.

Lakini hasara kubwa kuliko zote haina moshi wala kelele. Nyimbo 10,000 za ubora wa juu zinachukua GB 100 hivi, na kwa DJ wengi zilikaa kwenye diski moja tu. Diski ikifa, miaka kumi ya kuokota nyimbo inazikwa nayo, pamoja na rekodi za kwaya za parokia na bendi za mtaani ambazo hazipo popote kwingine.

Sasa kuna wimbi jipya. Microsoft ilifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptop nyingi za kabla ya kizazi cha nane cha Intel hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Ofisi za nje zina sababu ya kuziuza, na kwa DJ asiyetumia intaneti kazini bado ni mashine nzima, hasa akiweka Linux na Mixxx. Huenda kijana mwingine wa Inyonga au Karema akajitegemea kwa sababu hiyo. Akiinunua, na atenge hela kidogo ya diski ya nje, anakili nyimbo zote, na diski hiyo isilale nyumba moja na laptop.

Na wewe, kwenye sherehe yako ya mwisho, jina la DJ ulilijua?