Gemu ya Bure, Tokeni za Mama

Mwaka jana binamu yangu alikuja kwetu na flashi. Ndani kulikuwa na gemu ambayo hakuna mtu alikuwa ameilipia, pamoja na maelezo mafupi ya jinsi ya kuiweka. Maelezo yenyewe yalianza hivi: zima antivairasi. Tukazima. Gemu ikafunguka, tukacheza hadi usiku wa manane tukijiona wajanja.

Wiki moja baadaye feni ya laptopu ilikuwa inanguruma kama kinu cha kusaga unga, hata kama hatujafungua kitu. Tokeni za stima zikawa zinaisha mapema. Mama akalaumu pasi. Fundi ndiye alituambia ukweli: kuna programu ilikuwa imejificha mle ndani, inamchimbia mtu fulani sarafu za kidijitali. Nikaanza kusoma hii kitu ilitoka wapi. Kumbe ni hadithi ya miaka mingi.

Zamani gemu ziliuzwa kwenye diski, na kunakili diski ilikuwa rahisi. Kampuni zikabuni kufuli. The Secret of Monkey Island ya 1990 ilikuja na gurudumu la karatasi: unazungusha hadi sura ya haramia ilingane na ile ya kwenye skrini, ndipo unapata mwaka wa kuandika. Huna gurudumu? Huchezi.

Lakini hata kabla ya hapo kulikuwa na vijana wa kuvunja kufuli. Wengi wao walitaka sifa tu. Walikuwa wanaweka jina la kundi lao mwanzoni mwa gemu, na muziki na michoro inayocheza. Huo ujuzi ulizaa sanaa yake kabisa.

Halafu 1987 kundi moja la Uswisi, Swiss Cracking Association, likatoa kirusi kilichoitwa SCA kwenye kompyuta za Amiga. Kilijiandika kwenye sehemu ya kwanza ya diski, ile inayosomwa kompyuta ikiwaka, na mara mojamoja kikionyesha ujumbe wa utani. Utani, sawa. Lakini gemu nyingi halali zilikuwa zinatumia sehemu hiyohiyo, kwa hivyo kirusi kikishaandika hapo, gemu uliyonunua kwa pesa yako imekufa.

2003 Steam ikaanza, na polepole kufuli ikahama kutoka kwa diski hadi kwa akaunti. Cheki vile inafanya kazi: gemu inauliza Steam, "Huyu amenunua?" Zile programu za pembeni zinaweka faili bandia katikati, na kazi ya hiyo faili ni kujibu "ndiyo" kila wakati. Sasa antivairasi ikiona faili imebadilishwa hivyo, inapiga kelele. Ndiyo maana unaambiwa uizime. Shida ni kwamba faili ya uongo mdogo na faili ya mwizi zote zinapigiwa kelele ileile, na wewe umeshamfukuza mlinzi langoni.

Wezi walielewa hilo mapema. Juni 2021 kampuni ya Avast ilitangaza Crackonosh, programu iliyofichwa ndani ya nakala za wizi za gemu kama GTA V, NBA 2K19 na The Sims 4. Ilikuwa inazima antivairasi yenyewe, kisha inachimba sarafu ya Monero. Kompyuta zaidi ya 222,000 ziliambukizwa, na wenyewe wakaingiza zaidi ya dola milioni 2. Halafu 31 Desemba 2024, watu wakiwa likizo, wengine wakafanya vivyo hivyo kupitia Garry's Mod na BeamNG.drive. Wanapenda kompyuta za gemu kwa sababu zina nguvu.

Najua utasema kampuni nazo si malaika. Kweli. 2005 Sony BMG ilikamatwa ikificha programu kwenye CD za muziki ambazo watu walinunua kihalali. Na Machi 2024 Ubisoft ilizima The Crew, hata waliokuwa wamelipa wakabaki bila gemu. Hasira yako naielewa. Lakini kumkasirikia mwenye duka si sababu ya kumpa mpita njia funguo za nyumba yenu.

Kijana wa 1987 alitaka tu uone jina lake. Huyu wa leo hataki hata ujue yupo. Na laptopu ya leo ina barua pepe yako, nywila zako, na kazi zako za chuo.

Mimi siku hizi nangoja bei ishuke, nacheza zile za bure halali, ama nanunua GOG, ambako gemu zinauzwa bila kufuli. Inachukua muda, ndiyo. Lakini mama ameacha kulaumu pasi. Mtumie hii yule rafiki yako wa flashi.